Piano Iliyonyamaza kwa Niaba Yangu

Nilitangaza kwamba najua kupiga fanki kwenye piano miezi miwili kabla sijagusa piano. Nilitangaza darasani, mbele ya watu thelathini na wawili waliokuwa wakimsubiri mwalimu wa hesabu aliyechelewa, na nilitangaza kwa sauti kubwa, kwa sababu ndogo sijawahi kuwa nayo.

Ilikuwa shule ya jioni, pale Nengo, katika mji wetu wa mpakani unaopakana na Goma, miaka ile ya mwisho ya tisini. Tulikuwa watu wazima wenye kazi zetu za mchana, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, tukijifunza sehemu na desimali. Mimi nilikuwa nimerudi nchi ya wazazi wangu kutoka Tanzania, nilikozaliwa, nikiwa na Kiswahili kirefu na cheti kifupi. Mchana nilipiga pasi mashuka katika hoteli moja kando ya ziwa. Nyuma yangu aliketi polisi mmoja aliyerudi kutoka Uganda, tukimwita Afande, mtu mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Na pembeni yangu aliketi yeye.

Yeye aliuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani unaowala na vichwa vyao. Aliwauza tangu utotoni, kama mama yake na bibi yake, na alikuja darasani akinukia ziwa zima. Hesabu alizijua kabla mwalimu hajaandika ubaoni. Mimi sikujua hesabu, ila nilijua kusimulia. Jioni moja nilimweleza jinsi nilivyofukuzana na chui kule Tanzania, mimi nikiwa juu ya baiskeli.

"Ile chui ilikuwa paka," akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Na baiskeli ilikuwa ya mutu mwingine."

Yote mawili yalikuwa kweli. Mpaka leo sijui alijuaje.

Basi nikampenda. Mtu anayekusoma hivyo, ama unamkimbia ama unamwoa, na mimi mbio sina. Nilipomwambia ninavyojisikia, kwenye ngazi za shule, huku wenzetu wakijifanya wanafunga kamba za viatu, alinitazama kwa huruma.

"We, mi nikikusikia ninagawa kwa kumi," akasema. "Kila kitu. Umesema samaki kumi, mi naweka moja. Sasa umesema unanipenda. Nikigawa, inabaki nini?"

"Inabaki nyingi!"

"Ayi we. Bon, sikiliza. Nionyeshe kitu moja. Moja tu. We umekisema, halafu mi nakuta iko vile umekisema. Ile siku nitakupeleka kwa mama."

"Kitu gani?"

"Chagua we mwenyewe. Umesema vingi."

Hapo Afande, aliyekuwa amefunga kamba za kiatu kile kile mara nne, akainuka. "Achague piano!" akapiga kelele. "Siku ya vyeti atupigie hiyo fanki yake!"

Watu wakashangilia. Nami, badala ya kuomba ardhi inimeze, nikainua mkono kama mgombea.

Niseme kwa nini nilikuwa nimejigamba kwa fanki na si kwa kitu kingine. Nyimbo za kanisani kila mtu alizijua. Ningekosea hata sauti moja wangenipima papo hapo. Fanki nilidhani haina shahidi. Niliifahamu kupitia dirisha la chumba cha pasi tu: Jumamosi na Jumapili alasiri, mpiga piano mmoja kutoka Goma aliwapigia wageni wa hoteli, wafanyabiashara na maofisa, na kwa kawaida walikunywa bia zao wamekunja nyuso. Lakini ikifika ile miziki ya besi inayotembea na vidole vinavyokatakata juu yake, niliona shingo zikiitikia moja baada ya nyingine, hata shingo nene, hata shingo za watu waliokuwa wanagombana. Nikasema, huo ndio muziki wangu. Unaweza kumtikisa mtu bila kumwomba ruhusa.

Huyo mpiga piano nilimfuata Jumamosi iliyofuata. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye suruali ya mikunjo na kicheko cha puani. Alivuka Petite Barrière, kile kizuizi cha mpakani, kwa miguu, katikati ya wabeba mizigo na kinamama wa vitenge, akiwa amebeba shati lake jeupe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu vumbi la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, na shati likivuka mwilini linafika kama limetoka jikoni. Alifika saa nane, akaanza kazi saa kumi, na ilimbidi awe mpakani kabla ya saa kumi na mbili, wakati wa kufunga.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nakupigia pasi shati, wewe unanifundisha fanki."

"Na patalo?"

"Na suruali pia."

"Bon. Lakini nikisha kuvaa, masomo imeisha."

Sasa fikiria akili yangu. Nilimaliza kupiga pasi kwa dakika kumi, nikamwambia kwamba shati jeupe likitoka kwenye pasi lazima lipumzike saa nzima, ama sivyo litajikunja upya kwa hasira. Nadhani alijua. Lakini alikubali, na ndivyo ilivyokuwa kila wiki: shati na suruali vikipumzika kwenye kamba, mwalimu wangu amelala kwenye kochi la ukumbi, juu ana singlendi, chini amejifunga shuka la hoteli kama mtu aliyetoka kuoga, macho ameyafumba, mimi nikiwa kwenye piano.

Piano yenyewe ilikuwa mgonjwa. Hoteli ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtu, kwa sababu ambazo kila mkazi wa mji alizijua na hakuna aliyezitaja mezani. Paa lilivuja juu ya piano na hakuna aliyekuwepo kuisogeza. Vile vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza, mwalimu aliviita tushi, vingine vilikuwa vimekufa kabisa: unabonyeza, unasikia mti tu, tok, kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Siku ya kwanza nilizihesabu zilizokufa. Tushi kumi na moja, karibu zote katikati, pale pale vidole vinapopenda kukaa. Mwalimu alizijua kama mtu anavyojua mashimo ya barabara ya kwao, akazipita bila kuangalia.

Somo la kwanza lilikuwa fupi. Aliniambia nipige chochote. Nikapiga vyote.

"Simama, simama! We uko unaongea!" akasema kutoka kwenye kochi. "Vidole yako iko sawa na mudomo yako. Sikia: mukono ya kushoto inasema moja, inanyamaza. Ya kuume inajibu kidogo, inanyamaza. Ile njo fanki."

"Inanyamaza kwa muda gani?"

"Mpaka mutu anaanza kuitafuta."

Nilirudia. Nikanyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima na miezi yake. Yeye akasema haukufika hata kupepesa jicho.

Wiki ya tatu alichoka. Alivaa shati lililokuwa bado linapumzika, akanishika mkono, akanipeleka mpaka Petite Barrière. Tukasimama kando ya njia kutazama chukudu zikiingia, zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na pedali, zimepakiwa magunia mpaka mwenyewe haonekani. Kijana mmoja alikuwa anaendesha yake: goti moja juu ya mbao, mguu wa pili chini. Akasukuma mara moja. Chukudu ikaenda yenyewe, ikaenda, ikaenda, na alipoona inataka kuchoka, akasukuma tena.

"Anasukuma mara ngapi?" mwalimu akaniuliza.

"Mara moja moja."

"Na katikati anafanya nini?"

"Hafanyi kitu."

"Hapana! Anaendesha! Katikati njo anaendesha. We ukipanda chukudu utasukuma, utasukuma, utasukuma, mpaka mutu anafikiri uko unafukuza inzi."

Nilielewa kabisa. Nakuambia nilielewa mpaka machozi yakanilenga. Nikarudi kwenye piano nikiwa mtu mpya, na vidole vyangu vilikuwa vile vile vya zamani.

Lakini baada ya mwezi mmoja hivi ikatokea ajabu. Nilikuwa napiga ule mwendo alionipa, mkono wa kushoto ukitua chini kwa uzito, wa kulia ukidonoa juu, na ghafla mwalimu akaketi wima, shuka nusura limwanguke.

"Rudia!"

Nikarudia.

"Umesikia? Umeacha nafasi! Pale, na pale, na pale tena. We muTanzania, umeanza kunyamaza!"

Sikujua nimefanya nini, lakini sijawahi kukataa sifa kwa sababu ndogo kama hiyo. Nikarudia mara mia tano. Wiki baada ya wiki mwendo ukanenepa. Mpishi alitoka jikoni na mwiko akitikisa shingo. Mhudumu wa baa akaanza kupanga glasi kwa kufuata besi. Shuleni nilianza kutembea kwa fanki: hatua moja, kimya, hatua nusu. Afande akaniuliza kama mguu unaniuma. Na yeye, muuza sambaza, sikumwambia neno. Nilitaka siku yenyewe iseme. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kujizuia kusimulia jambo, na ilinichosha kuliko kupiga pasi mashuka sitini.

Siku ya vyeti ikafika, Jumamosi, saa saba mchana. Madawati yalisukumwa ukutani, kinamama walileta vitambaa vya meza, na kanisa la jirani likatuazima kinanda chake cha umeme, kipya, kimefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Mwalimu wangu alivuka mapema kuja kuniona, akasimama mlangoni, shati lake linametameta kwa kazi yangu. Yeye aliketi mstari wa mbele, kapu tupu la sambaza chini ya benchi, mikono imekunjwa, tayari kugawa kwa kumi.

Nilipokea cheti. Nikakaa. Nikashusha mkono wa kushoto. Duu! Besi ilijaa chumba kizima, na nikaona shingo ya Afande ikianza kuitika. Nikasema moyoni, mama mkwe, andaa kiti.

Kisha mkono wa kulia ukaanza, na pale pale nilipozoea kusikia kimya, kinanda kikajibu.

Kikajibu tena. Na tena. Ilikuwa kama kuingia chumba ulichozoea kuongea peke yako ukakuta wajomba kumi na mmoja wameketi, kila mmoja ana maoni, na hakuna hata mmoja anayekubaliana na mwenzake. Nilijaribu kukimbia mbele, sauti zikanifuata. Nilipunguza mwendo, zikaonekana vizuri zaidi. Ndipo nikaelewa, mbele ya watu wote, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi: sikuwahi kuacha nafasi hata moja. Kila siku vidole vyangu vilipayuka kama kawaida yao, ila vilipayukia zile tushi zilizokufa. Kimya kile mwalimu alichokisifu kilikuwa cha paa linalovuja.

"Mukamateni!" Afande akapaza sauti. "Anasumbua raia!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwalimu wangu akaja mbele taratibu, akaweka mkono wake juu ya wangu, kama mtu anavyofunga redio.

"Kumbe mi nilikuwa nafundisha piano," akasema. "Miezi yote hii. Piano njo ilijua. We haukujua kitu."

Nilisimama. Nilimtazama yeye kwenye benchi, nikaona kile "kitu moja" changu kinateremka kama jiwe ziwani. Na kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena, nikasema ukweli.

"Ndugu zangu," nikasema, "piano ya hotelini ina tushi kumi na moja zilizokufa. Mimi nilikuwa nazipiga hizo. Nikidhani nimenyamaza. Basi."

Laiti ungesikia kile kicheko! Kile cha kwanza kilikuwa chafya tu. Mwalimu wa hesabu aliegemea ubao akalia.

"Juzi chui na baiskeli," Afande akasema akijifuta macho, "leo piano maiti! Huyu mutu hachoki?"

Kwa mara ya kwanza tangu niote meno nilikuwa nimesema jambo bila kuliongezea hata chumvi ya kidole, na lilikuwa ndilo la kwanza kutoaminiwa na watu wote kwa pamoja. Nilipotafuta benchi la mbele, lilikuwa tupu. Alikuwa ameshachukua kapu lake akaenda.

Kesho yake, baada ya ibada, nilirudi kwenye mashuka yangu. Nilikuwa napiga pasi kama mtu anayefukia kitu. Mara nikasikia piano ukumbini. Haikuwa muziki. Ilikuwa tushi moja, kisha ya jirani yake, kisha ya jirani yake, polepole, kutoka mkono wa kushoto kabisa. Ting. Ting. Ting. Tok. Kimya kidogo. Ting.

Niliacha pasi juu ya shuka, na shuka hilo lina kovu mpaka leo kama bado lipo duniani.

Alikuwa yeye, amekuja kuleta sambaza wakavu jikoni, akapitia ukumbini. Wale kinamama wa samaki wana desturi yao: kitu hakihesabiwi kwa macho. Macho yanadanganywa, husema, na mdomo ndio usiseme. Kwa hiyo ukihesabu, unaweka alama kwenye kila kimoja, na mwisho unahesabu alama. Basi yeye alibonyeza kila tushi kwa kidole cha shahada, na kila alipokuta iliyokufa alichukua sambaza mmoja kutoka kapuni, akamlaza juu yake, kichwa kikielekea ukutani. Alipofika mwisho wa kulia alirudi mwanzo, akahesabu samaki kwa sauti ndogo. Kisha akahesabu tena.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa na maelezo kama elfu tatu. Sikutoa hata moja.

"Ulisema kumi na moja," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Iko kumi na mbili."

Nilisogea. Nikaona kweli, sambaza wa kumi na mbili amelala peke yake upande wa kulia, kwenye tushi ambayo siku ya kwanza ilikuwa hai.

"Hiyo nadhani nimeiua mimi," nikasema. "Kwa kuirudia."

Aligeuka. Alinitazama kama mtu anayerudia hesabu ambayo jibu lake limetoka zuri mno.

"Hiyo haijawahi," akasema. "We umesema kitu, na mi nimekuta ukweli iko kubwa kuliko vile umesema. Sasa hapa nitagawa nini?"

"Lakini kupiga sikuweza."

"Mi nilisema kitu moja. Sikusema piano. Piano ilisemwa na Afande." Akaanza kuokota samaki wake mmoja mmoja. "Jumamosi mama iko nyumbani. Uje."

"Nije na nini?"

"Na mudomo yenye kufunga."

Wakati huo huo mwalimu akaingia na mfuko wake wa plastiki, akasimama, akanusa.

"Ni nani iko anapika kwa piano yangu?"

Tulimweleza. Alicheka kwa puani mpaka akakaa chini, kisha akamwomba awarudishe samaki wale pale walipokuwa. Alasiri ile nilianza fanki upya kabisa, na kila kidole changu kilipogusa sambaza, mwalimu alipiga kelele: "Umesema! Umesema tena!" Tulimaliza saa ile na samaki wasiofaa kuuzwa. Meneja wa hoteli alinusa ukumbi wiki nzima akilaumu ziwa.

Mwendo huo mmoja nilikuja kuujua, kwenye piano iliyo nzima, miezi minane baadaye. Ni mmoja tu. Sina wa pili, na mwalimu aliniambia nisitafute, huo wenyewe ulimzeesha.

Siku hizi wageni wakija nyumbani napenda kuwasimulia. Nawaambia kuhusu hoteli, na paa lililovuja kama mto, na ile piano kubwa kama boti, yenye tushi arobaini zilizokufa.

"Kumi na mbili," inasikika sauti kutoka jikoni.

Nami hapo nanyamaza, mpaka mgeni aanze kunitafuta kwa macho. Kisha naendelea.